Kukarabati jiko la nyumba ya zamani Jinja: nitumie vifaa gani visivyoharibu mazingira?

Mwalimu wa Walukuba

Nawasalimu nyote. Ninaishi Jinja, Uganda, upande wa Walukuba, katika nyumba ya matofali ya zama za viwanda vya kwanza, na mwaka huu familia imekubaliana kwamba fedha tuliyoweka akiba iende kwenye chumba cha kupikia. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kina dirisha moja linalotazama uani, sakafu ya sementi nyekundu iliyopauka lakini haijapasuka, kabati mbili za ukutani zenye milango ya mbao nzito ambayo wazee wa mtaa wanasema ni mvule, na dari ya mabamba ya kijivu yenye ugumu wa sementi. Ukuta mmoja ni mweusi kwa moshi, kwa sababu msimu wa mvua sigiri ya makaa huingizwa ndani.

Fundi aliyekuja kupima ameshauri tubomoe vyote na kuanza upya: kabati za MDF zinazong'aa, meza ya granaiti kutoka nje, vigae kutoka sakafuni hadi darini, na dari mpya ya jasi. Hesabu yake ni shilingi milioni 14, nasi tunazo milioni 9. Hata hivyo, si fedha peke yake inayonisumbua. Ninafundisha jiografia, na kila muhula nawaeleza wanafunzi habari za misitu inayokatwa na vinamasi vinavyochimbwa. Sioni namna ya kusimama mbele yao kisha nirudi nyumbani kujenga jiko ambalo kila kipande chake ama kimevuka bahari ama kimegharimu msitu. Ninataka jiko la kisasa, safi, lenye mwanga na nafasi ya kutosha ya kufanyia kazi, na vifaa vyake visiwe mzigo kwa nchi.

Naomba ushauri wenu. Kabati nizitengeneze kwa kitu gani? Meza ya kukatia na kuoshea vyombo iwe ya nini? Sakafu na kuta zifanyiwe nini? Na je, kuna maana yoyote ya kutafuta vifaa vya namna hiyo ikiwa tutaendelea kupika kwa makaa?

Seremala wa Ndeeba

Mwalimu, pole na kazi. Naanza na jambo ambalo naona ni la haraka: usimruhusu mtu yeyote kuing'oa milango ile ya mvule na kwenda nayo. Mti wa mvule huchukua miaka hamsini na zaidi kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri, na uliobaki porini ni mchache. Hapa Ndeeba mbao zake zikipatikana huwa ghali, na mara nyingi muuzaji hawezi kukueleza zimetoka msitu gani. Milango uliyo nayo ilishakatwa zamani, imekauka kabisa, haipindi tena wala mchwa haipendi. Kuipiga msasa na kuipaka mafuta ya kitani ni kazi ya gharama ndogo, na hakuna kifaa kipya cha dukani kinachoweza kuishinda kwa kulinda mazingira, kwa kuwa hakuna kitu kipya kinachokatwa. Angalizo moja tu: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Msasa upigwe ubao ukiwa umeloweshwa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na vumbi lile lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa.

Kuhusu MDF, nizungumze kama mtu anayeifanyia kazi kila wiki. Ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na gundi iliyozoeleka ina formaldehaidi, gesi ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mabamba yenye alama ya E1 au E0 hutoa kiasi kidogo, na ukilazimika kununua, ulizia alama hiyo. Lakini kwa chumba chako shida kubwa zaidi ni maji. Maji yakipenya kwenye ukingo mmoja tu usiofunikwa vizuri, chini ya sinki au karibu na sakafu inayopigwa deki kila siku, bamba huvimba na halirudi tena katika hali yake. Mimi huletewa kabati za namna hiyo ambazo hazijamaliza hata miaka michache, na hazitengenezeki, zinatupwa. Kabati linalotupwa mapema haliwezi kuitwa rafiki wa mazingira hata kama limebandikwa jani la kijani.

Mbao za kutumia zipo, tena za hapa hapa. Kalitusi na paini hupandwa mashambani na kuvunwa kisha kupandwa tena, na musizi ni mti wetu wa asili unaokua haraka. Kalitusi ni imara sana ila ina tabia ya kupinda na kupasuka ikiwa haikukaushwa kwa subira. Usinunue iliyoshushwa kwenye gari juzi. Iwe imepangwa kivulini kwa miezi, vijiti vikiwa katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite, mpaka unyevu ufike kiasi cha asilimia 12 hadi 14. Seremala makini ana kipimo cha kushika mkononi. Mwombe apime mbele yako. Musizi ni nyepesi na rahisi kurandwa, inafaa kwa rafu na fremu, ila sharti itiwe dawa ya mchwa.

Na hapo kwenye dawa, naomba usome polepole. Mbao za rangi ya kijani kijani zilizokusudiwa nguzo na paa mara nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Mbao hizo hazifai kuwa rafu ya kuwekea sahani, na mabaki yake hayafai kuwashia sigiri hata siku moja. Kwa kabati za ndani tumia boraksi na asidi ya boriki iliyoyeyushwa katika maji. Wadudu hawaipendi, na watu hawadhuriki kwa kugusa ubao uliokauka. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka na kutoka ubao ukilowa mara kwa mara, ndiyo maana lazima juu yake uje mafuta au vanishi ya maji.

Mianzi pia inafaa kwa milango midogo na rafu za vyombo, mradi imekatwa ikiwa na umri wa miaka 3 na zaidi na kulowekwa katika dawa hiyo hiyo. Isiyolowekwa huliwa na wadudu hadi ikabaki unga.

Mjenzi wa Mbale

Nakubaliana na Seremala kuhusu mvule na MDF, lakini nina wasiwasi na kitu ambacho hakikuguswa. Mwalimu, umesema dari ni ya mabamba ya kijivu yenye ugumu wa sementi. Katika nyumba za umri huo, mabamba ya namna hiyo yanaweza kuwa na asibesto. Nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi hukaa mapafuni, na saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40, wakati fundi aliyebomoa ameshasahau hata mtaa wenyewe. Kwa hiyo, maneno ya "tubomoe vyote" yasitamkwe tena katika nyumba hiyo mpaka ijulikane dari ni ya nini. Mabamba yasivunjwe, yasitobolewe kwa drili, yasifagiliwe wala kupigwa msasa. Yakiwa mazima, yapakwe rangi taratibu kwa brashi na kuachwa, au itundikwe dari nyingine chini yake kwa fremu iliyoshikizwa kwenye kuta. Yakiwa yamemeguka, watafutwe watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya kushughulikia taka za hatari. Hapo milioni kadhaa za jasi zimekwishaokolewa kwenye hesabu ya yule fundi.

Sasa kabati. Maoni yangu ni kwamba mwili wa kabati za chini usiwe wa mbao kabisa. Jenga vigawanyo vyembamba vya tofali kila baada ya sentimita 60 hivi, mwaga rafu nyembamba za zege lenye wavu wa chuma, piga lipu laini, kisha mbao zitumike kwa milango tu. Mchwa hawana cha kula, deki haina cha kuharibu, na ukitaka sura mpya baada ya miaka kumi unabadilisha milango peke yake. Tofali zenyewe ziwe zile za udongo ulioshindiliwa kwa mashine pamoja na sementi ya asilimia 5 hadi 10, ambazo hazichomwi bali huachwa zikomae chini ya kivuli huku zikinyunyiziwa maji. Tofali la kuchoma la mitaani linakula kuni nyingi, na udongo wake mara nyingi hutoka pembezoni mwa kinamasi. Zingatia tu kwamba tofali la kushindiliwa halipendi kukaa kwenye maji, hivyo msingi wa chini wa sentimita 10 uwe wa zege.

Sementi haiepukiki, lakini sementi zinatofautiana. Chokaa-mawe huchomwa hadi nyuzi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka hapo haitokani na moto bali na jiwe lenyewe linapovunjika. Ndiyo maana mfuko ambao sehemu ya klinka, yaani jiwe hilo lililokwisha kuchomwa, imebadilishwa kwa majivu ya volkano una mzigo mdogo zaidi, na nchi hii ina majivu hayo. Kwa lipu, vigawanyo na sakafu hauhitaji sementi kali ya kujengea maghorofa. Mfuko wa daraja la 32.5 wenye pozolana, yaani majivu hayo, unatosha, nao ni wa bei nafuu. Mchanga nao una habari yake: wote tumeona kinamasi cha Lwera kinavyochimbwa kando ya barabara ya Masaka. Pale unapoweza, sehemu ya mchanga ibadilishwe kwa vumbi la kokoto kutoka machimbo ya mawe.

Meza ya juu iwe ya terazo inayomwagwa hapo hapo. Ni zege la unene wa sentimita 4 hadi 5 lenye nondo za milimita 8, na juu yake tabaka la sementi na vipande vidogo vya mawe, ambalo husuguliwa kwa mashine mpaka lipate ulaini wa kioo. Vipande vinaweza kuwa marumaru ya Karamoja, au hata chupa zilizovunjwa na kuchujwa. Shule na hospitali za zamani za nchi hii zina sakafu za terazo ambazo zimekanyagwa na vizazi, na bado zinang'aa zikioshwa.

Sakafu yako nyekundu usiiguse zaidi ya kuiosha, kuziba mashimo na kuipaka nta. Kigae kipya kilichochomwa kiwandani kwa nyuzi zaidi ya 1,000 hakina sababu ya kulala juu ya sakafu nzima.

Mama wa Bombo

Mwalimu mwanangu, nimewasoma mafundi na nimefurahi, lakini swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Kabati hutengenezwa mara moja. Sigiri huwashwa kila siku. Makaa yanayochomwa kwa tanuru la udongo hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja. Piga hesabu ya magunia ya mwaka mmoja, kisha uiweke kando ya mbao za kabati zako, utaona msitu uko wapi. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, na sisi tulio na ndugu kule tunajua miti ya moyaa, ile inayotupa mafuta yake, inavyokatwa kwa ajili ya sufuria za mijini. Tena kuna afya: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Ukuta wako mweusi unasema mlichokuwa mnavuta.

Wewe unakaa Jinja, karibu na bwawa la Nalubaale ambalo limekuwa likitoa umeme tangu 1954. Sehemu kubwa sana ya umeme wetu hutoka kwenye maji, na baada ya bwawa la Karuma kukamilika tunao mwingi. Mamlaka ya umeme iliweka bei ya kupikia kuanzia 2022: ukifika uniti ya 81 kwa mwezi, mpaka ya 150, kila uniti ilitozwa shilingi 412, ilhali bei ya kawaida ya nyumbani ilizidi 700. Bei hupitiwa kila robo mwaka, kwa hiyo uliza iliyopo sasa, lakini mpango wenyewe umewekwa kwa ajili ya watu wanaopika.

Nyumbani kwangu kuna vitu viwili. Kimoja ni sufuria ya umeme ya presha. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yanaiva chini ya saa moja na hayali hata uniti moja, kwa sababu sufuria imefunikwa ubavu wote na hujizima yenyewe ikishafika joto lake. Mchuzi wa nyama, kwato, njugu, vyote humo. Cha pili ni jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, kwa chai, chapati na mboga. Hapo angalia vyombo: sufuria za alumini za Katwe hazishiki. Chukua sumaku uende nayo sokoni. Chombo kinachoishika kwa chini, na chenye kitako bapa, ndicho kinachofaa.

Wako watakaokuambia matoke hayawezi. Yanaweza. Menya, funga katika majani yako ya ndizi kama kawaida, weka mabua chini na maji ya kutosha, acha presha ifanye kazi, kisha uyaponde na kuyarudisha katika joto dogo yalale. Harufu ya jani inabaki. Kwa ndizi za watu watano yanatosha. Kwa arusi, utawasha moto uani, na hilo halina lawama.

Fundi Umeme wa Entebbe

Nyongeza kwa maneno ya Mama, kwa sababu nyumba ya umri huo isije ikawaka. Jiko la indaksheni la sahani moja hutumia takriban kilowati 2, sawa na ampea 8 au 9, nalo linaweza kukaa kwenye soketi ya kawaida iliyo nzima. La sahani mbili linaweza kufika kilowati 3.5, yaani karibu ampea 15, na plagi zetu mwisho wake ni ampea 13. Hilo halichomekwi kwenye soketi; linapewa njia yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 6 na swichi yake ukutani, mbali na maji ya sinki. Sufuria ya presha iwe na soketi nyingine. Nyaya za zamani zilizofunikwa mpira zikishikwa humeguka. Zing'olewe zote katika chumba hicho, nondo ya ardhi ipimwe, na bodi iwekwe kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye kibali cha mamlaka ya umeme, na ifanyike kabla ya lipu.

Umeme ukikatika, mtungi mdogo wa gesi ni msaada mzuri kuliko kurudi kwenye sigiri. Mtungi ukae nje katika kizimba chenye kivuli, bomba ndilo liingie ndani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, kwa hiyo liwepo tundu la hewa chini ya ukuta na jingine juu. Taa za LED za wati 9 mbili zinatosha chumba hicho.

Mwalimu wa Walukuba

Nawashukuru sana. Mambo ya dari yamenitisha, na nimekwisha kuwazuia watu wasiguse. Nina maswali yaliyobaki. Kwanza, dada yangu wa Kampala anasema terazo huota madoa, na kwamba ninunue jiwe la kutengenezwa la kwatzi, ambalo halihitaji kutunzwa. Pili, ukuta ulioungua kwa moshi utapakwa nini bila rangi kuchomoza njano baada ya mwezi? Tatu, kuna mtu anauza mbao za plastiki iliyoyeyushwa upya, anasema ndizo rafiki kabisa wa mazingira, zinafaa rafu?

Seremala wa Ndeeba

Kwenye meza, mimi na Mjenzi tunatofautiana. Dada yako amesema kweli: ndimu, siki na nyanya hula sementi na marumaru, nayo terazo ina vyote viwili. Ninyi mnakata ndimu kila siku. Jiwe la kwatzi la kutengenezwa nisingelichagua, kwa sababu vumbi lake linapokatwa lina silika nyingi sana inayoua mapafu ya mafundi. Australia ililipiga marufuku kuanzia Julai 2024, na karakana zetu nyingi hukata bila maji wala barakoa ya maana. Granaiti ya asili pia ina silika, ila kiasi chake ni kidogo, na ndimu haiiumizi. Ushauri wangu ni kwenda kwenye karakana zinazokata granaiti na kununua mabaki: vipande vya mita moja na kitu vilivyobaki kwenye kazi za watu wakubwa, ambavyo vingeishia kwenye kifusi. Meza ya mita 3 ikiwa na kiungo kimoja au viwili kilichopangwa vizuri haina aibu yoyote. Sharti wakate kwa maji.

Mjenzi wa Mbale

Kwa mabaki ya granaiti siwezi kukupinga, ndugu yangu; kitu kilichokwisha kuchimbwa na kuletwa ni bora kitumike. Basi na iwe hivi: upande wa kukatia na wa sinki uwekwe granaiti ya mabaki, na upande mrefu wa kuwekea vyombo vya umeme umwagwe terazo, ambako ndimu haifiki. Terazo hiyo ipakwe mafuta ya kitani au nta mara mbili kwa mwaka.

Ukuta wa moshi uoshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka maji yawe meupe, ukauke, kisha upigwe chokaa. Kasese huchoma chokaa tangu zamani na inapatikana kwa mifuko. Chokaa hupumua, ukungu hauipendi, na bei yake ni ndogo. Vaa glavu na miwani unapoichanganya, kwani huunguza. Masizi yakiendelea kuchomoza, kata lipu ya sehemu hiyo na kupiga upya. Ni mita chache. Vigae viwe mstari mmoja wa sentimita 60 nyuma ya sinki na majiko tu.

Mbao za plastiki zitumie uani: stuli ya kufulia, kizimba cha mtungi, nguzo za bustani. Masaka kuna watu wanaofanya kazi hiyo vizuri. Ndani ya jiko usiziweke karibu na joto, maana hulainika, na zikishika moto moshi wake ni mbaya kuliko ule unaoukimbia.

Na dirisha ni dogo. Toboa matundu juu ya ukuta wa pili na uweke vifaa vya hewa vya udongo wa kuchoma kama vinavyotengenezwa Kajjansi, ili upepo uingie upande mmoja na kutoka mwingine. Hata ukipika kwa umeme, mvuke wa matoke ni mwingi, na mvuke usiotoka huleta ukungu.

Mama wa Bombo

Na maji ya kuoshea vyombo yasipotee. Chini ya sinki kiwepo kisanduku cha kunasa mafuta, kisha bomba liende kwenye shimo la migomba. Migomba yangu miwili inayopata maji hayo haijui kiangazi. Usimwage jiki humo.

Mwalimu wa Walukuba

Nimekaa na mume wangu jana usiku tukapanga upya. Milango ya mvule inabaki na itaongezewa minne ya kalitusi kavu. Kabati za chini zitakuwa za tofali za kushindiliwa, meza itakuwa nusu granaiti ya mabaki na nusu terazo, sakafu itatiwa nta, kuta chokaa. Fedha iliyookolewa kwenye vigae na jasi inakwenda kwenye nyaya, sufuria ya presha na jiko la indaksheni. Dari tumemwandikia mtu mwenye leseni aje aitazame. Kwa hesabu ya awali tunafika milioni 8 na kidogo. Nisaidieni jambo moja tu: kazi zifuatane vipi, ili fundi mmoja asiharibu ya mwenzake?

Mjenzi wa Mbale

Dari kwanza, kabla ya mtu yeyote kuingia na nyundo. Kisha matundu ya hewa na nyaya pamoja na mabomba, vyote vikiwa ukutani. Halafu vigawanyo vya tofali na rafu, na terazo imwagwe baada ya hapo na ifunikwe magunia yaliyoloa kwa siku 7 bila kukosa. Ikikauka haraka kwa jua la dirishani itapasuka, na huo ufa hauzibiki vizuri. Wakati inakomaa, piga lipu na chokaa upande wa pili. Kusugua terazo kufanyike kabla ya chokaa ya mwisho, kwa sababu tope lake hurukia kila mahali. Granaiti, kigae cha nyuma ya sinki, na sinki lenyewe vifuate. Milango ya mbao ije mwisho kabisa, chumba kikiwa kimeshakauka, maana kalitusi uliyoikausha kwa miezi itanyonya unyevu wa lipu mbichi kwa usiku mmoja na kupinda. Sakafu itie nta siku mafundi wote wameondoka.

Seremala wa Ndeeba

Na Mwalimu, kabla hujalipa mbao, nitumie picha ya kipimo cha unyevu kikiwa juu ya ubao. Kikisoma zaidi ya 15, mwambie muuzaji azihifadhi kivulini, wewe utarudi.